Unyoya Huu ni Laini kwa Maji Yapi?

Bilauri ya maji ya kisima, meza ya mbao, asubuhi ya Mikindani kabla jua halijawa kali. Ndani ya bilauri zimening'inizwa kwa nailoni ndoana mbili namba 14. Zote mbili zimevishwa uzi wa rangi ya chungwa, na zote zina ukosi wa unyoya nyuma ya jicho, yaani tundu la kupitishia nailoni. Moja imefungwa unyoya wa shingo ya jogoo, nyingine unyoya wa kifua cha kware jike. Ukigonga meza kwa kidole, unyoya wa jogoo hausemi kitu. Wa kware unafunguka, unajikunja, unafunguka tena, na vinyuzi vyake vinaendelea kucheza hata maji yakishatulia.

Hadi hapo hakuna jipya. Kila anayefunga inzi bandia wa kuzama, yaani ndoana iliyovishwa uzi na unyoya ili samaki aidhanie mdudu, anajua kwamba jike hushinda dume, na kifua hushinda shingo ya jogoo.

Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni ndoana ya tatu.

Hiyo imefungwa unyoya wa kanga wa kufugwa, wale wanaokimbizana chini ya mikorosho kuanzia Masasi hadi Newala. Kwenye bilauri ulikaa kimya, karibu sawa na wa jogoo. Mkononi ni mgumu. Kwa kanuni tunazorithishana ungetupwa. Lakini ndoana hizo tatu zikiburutwa kwenye beseni pana kwa mwendo wa mto wa mlimani, mambo yanageuka: wa kware unalala na kugandamana na mwili wa ndoana, wala hauonekani tena kuwa ni unyoya. Wa kanga ndipo unapoanza kucheza.

Basi ulaini tunaousifu ni wa nini hasa?

Samaki asiyeishi kwetu

Trauti ni samaki wa maji baridi. Hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi, hutaabika yakipita 20, na yakikaribia 25 wengi hufa, kwa sababu maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Bahari ya Mtwara haishuki sana chini ya 25 hata kusi ikivuma. Anayetaka trauti akiwa huku kusini ana safari ya Masasi, Tunduru, Songea na Njombe, hadi kwenye mito ya nyanda za juu kama Kiwira, au mabwawa ya mashamba ya chai kule Mufindi. Samaki hao walipandikizwa na wageni. Si wa asili ya mito yetu.

Kwa hiyo inzi hawa tunawafunga pwani na kuvulia milimani. Umbali huo ndio unaoleta kosa ninalotaka kulizungumzia: tunampima inzi kwenye bilauri, naye anakwenda kufanya kazi kwenye mkondo.

Inzi huyu wa unyoya laini ni wa zamani sana. Mito ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, imevuliwa kwa inzi hao kwa vizazi vingi. Uskoti, mwanasheria mmoja wa Edinburgh, W. C. Stewart, alitetea mwaka 1857 inzi watatu wa aina hii, wasio na bawa wala mkia, watupwe juu ya mkondo, yaani kuelekea upande maji yanakotoka. Vitu vinavyotumika ni vichache mno: ndoana, uzi wa hariri, unyoya mmoja. Ukiongeza sana, ni manyoya kidogo ya sungura kifuani au waya mwembamba.

Anaigiza nini? Wadudu wengi wa mtoni huishi chini ya mawe wakiwa lava, kisha hupanda juu ili watoke na mabawa. Katika safari hiyo huwa dhaifu: miguu inatapatapa, ngozi ya zamani inapasuka, mabawa hayajanyooka. Trauti huwasubiri hapo hapo, sentimeta chache chini ya uso wa maji. Vinyuzi vya unyoya vinavyofunguka na kujikunja vinatosha kuonyesha hali hiyo, na viputo vidogo vya hewa vinavyonaswa katikati yake huongeza mng'ao.

Mzee yeyote wa mshipi pale Mikindani atakuambia chambo ni nyama na harufu. Kwa samaki wa bahari anaowajua ana haki. Trauti wa mto huamua kwa macho, na huamua haraka, kwa sababu kinachopita mbele yake kitakuwa kimeshapita.

Shaka yenyewe

Inzi anayejulikana kuliko wote katika ukoo huu hufungwa kwa unyoya wa kwale (si kware) wa kijivu wa Ulaya na hariri ya chungwa. Hatuna ndege huyo. Tuna kwale wetu wa porini, ambao manyoya yao yanafaa kabisa, ila kuwinda ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Sioni sababu ya kumuua kwale kwa ajili ya ndoana wakati mabanda yamejaa kuku, kware na kanga.

Shaka ilikuwa hii: je, kibadala ni kibadala kweli, au tunajifariji?

Kwa muda jibu rahisi lilikuwa ni kumtafuta ndege anayekaribia zaidi kwa macho, yaani kahawia yenye madoa. Kware wa kufugwa yupo karibu mno. Jike ana kifua cha rangi ya maziwa chenye madoa meusi. Dume kifua chake ni chekundu-kahawia kisicho na madoa. Vinyuzi ni vifupi, vinakaa vyema kwenye ndoana namba 14 hadi 18 bila kupunguzwa. Ukiishia hapo, kazi imekwisha.

Beseni ndilo lililonipa wasiwasi. Kware anashinda kwenye maji yaliyosimama na kwenye mkondo wa taratibu. Mto ukikaza, unyoya wake unakosa uti wa kupambana na maji na inzi anabaki uzi mtupu. Kanga hali yake ni kinyume. Kuku jike wa kienyeji, unyoya wa shingo, yuko katikati.

Yaani unyoya mgumu mkononi unaweza kuwa laini mtoni.

Wavuvi wa milima ya Japani walishalijua hili kwa njia yao. Wanafunga unyoya laini ukielekea mbele, upande wa jicho la ndoana, ili mkondo uusukume nyuma nao usimame kama mwavuli uliofunguka nusu. Ncha ya fito ya kuvulia ikitikiswa kidogo, unyoya unafumba na kufumbua. Ni dawa ya tatizo lile lile: badala ya kutafuta unyoya mgumu zaidi, wamegeuza mwelekeo wa ule laini.

Kufunga, kwa kware au kuku jike

Ndoana namba 14, yenye jicho. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Ndoana nyingi za madukani kwetu ni za bahari, chuma nene na shina refu. Zitafaa kwenye bwawa, lakini kwa trauti tafuta za chuma chembamba.

Uzi ndio mwili, kwa hiyo usichukue wowote. Hariri ikilowa hugeuka: chungwa inakolea, inakaribia wekundu wa kahawia, na inapitisha mwanga kidogo. Uzi wa polyesta wa cherehani haugeuki, unabaki kung'aa vile vile, nao ni mnene. Hariri isipopatikana, chukua uzi wa pamba wa kudarizi, ule wenye nyuzi 6 zilizolala pamoja, utenge uzi mmoja. Pamba nayo hukolea ikilowa. Ni mnene kidogo kuliko hariri, kwa hiyo mwili uwe wa tabaka moja tu. Upitishe mara moja juu ya nta ya nyuki kabla ya kuanza. Bila nta uzi huo huteleza kwenye chuma na hukatika ukiukaza. Nta ikizidi, rangi inakuwa tope.

Bana ndoana kwenye jiliwa kwa sehemu ya kupinda, jicho likielekea kulia. Anza uzi milimita 2 nyuma ya jicho. Pengo hilo lilinde sana. Asilimia kubwa ya inzi walioharibika wameharibika hapo: kichwa kimejaa hadi jicho limezibwa, na nailoni haipiti.

Unyoya uandae hivi. Ng'oa manyoya yaliyotimka ya shinani hadi ubaki na sehemu yenye vinyuzi vilivyonyooka. Shika ncha, vuta vinyuzi vingine kurudi nyuma, ili ncha ndogo ibaki peke yake. Kisha ng'oa vinyuzi vya upande mmoja wa uti, vyote. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa mizunguko 2 imeleta ufagio wa chelewa.

Pima urefu: kinyuzi kikilazwa nyuma kifike kwenye mpindo wa ndoana. Kikipita hapo, samaki atauma ncha za unyoya na kuuacha. Utahisi mguso bila uzito.

Funga ncha ya unyoya kwa mizunguko 3 ya uzi, uti ukielekea mbele juu ya jicho. Teremsha uzi kwa mizunguko inayogusana hadi usawa wa ncha ya ndoana, hapo hapo, usishuke kwenye mpindo. Rudi nao juu, ukiwa na nafasi kidogo kati ya mizunguko ili mwili usinenepe, hadi karibu na unyoya. Sasa shika shina la unyoya kwa koleo ndogo, lizungushe kurudi nyuma kuelekea uzi ulipo: mzunguko 1, kisha wa 2. Simama. Bana shina kwa uzi, kisha upitishe uzi katikati ya vinyuzi kwenda mbele, ukiutikisa kushoto na kulia ili usivilaze. Kwa njia hii uti wa unyoya umevukwa na uzi, na meno ya samaki hayataukata mara moja.

Kata shina. Funga kichwa kwa mizunguko 4 ya uzi inayolala juu ya ncha yake yenyewe, vuta, kata. Tone dogo la vanishi, au rangi ya kucha isiyo na rangi, kwa ncha ya sindano. Likigusa vinyuzi, inzi huyo ameshakufa. Wembe na uanze upya.

Hesabu vinyuzi ukimaliza. Kati ya 10 na 16 inatosha. Mkononi ataonekana maskini, na hapo ndipo mkono unapowasha kuongeza mzunguko wa tatu. Usiongeze. Vinyuzi vikibanana vinashikana vikilowa, vinatembea kama kitu kimoja, na mchezo wote unaisha.

Kanga anataka njia yake

Unyoya wa mwili wa kanga ni mkubwa mno kuzungushwa kwenye ndoana namba 14. Vinyuzi vitapita mpindo mara mbili. Manyoya madogo ya chini ya shingo, ya kijivu cha zambarau, yanazungushika kwenye namba 10 au 12, na mimi nayapenda kuliko yale ya madoa. Lakini ni machache kwa kila ndege.

Kwa yale makubwa, achana na kuzungusha. Kata kitita cha vinyuzi 12 hivi, ncha zikiwa sawa. Kilaze juu ya shina la ndoana, ncha zikielekea mbele kupita jicho, urefu uliopimwa kama awali. Pitisha mizunguko 2 ya uzi iliyolegea, bonyeza kitita kwa ukucha wa kidole gumba ili vinyuzi vitawanyike kuzunguka shina pande zote, ndipo ukaze. Ukikaza kabla ya kutawanya, vitabaki juu tu, na inzi atalala ubavu majini. Vikishatawanyika, kata mabaki, funga mwili, halafu rudi mbele na urudishe vinyuzi nyuma kwa vidole na mizunguko michache ya uzi mbele yake. Ukitaka ule mtindo wa Kijapani, usivirudishe; viache vielekee mbele kidogo.

Jambo moja kuhusu kupata manyoya: yachume kabla ndege hajatumbukizwa kwenye maji ya moto. Maji hayo huyavuruga, vinyuzi hushikana na mafuta na kupoteza mnyooko. Kwa anayechinja sokoni, mwombe akupe nafasi ya dakika moja.

Pwani inakula vifaa

Hili halielezwi na wanaofunga kwenye nchi za baridi. Hewa ya chumvi hutia kutu ndoana zilizo kwenye kisanduku wazi, na kutu huanzia chini ya uzi, mahali pasipoonekana, hadi ndoana ikatike samaki akiwa juu yake. Weka kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, pamoja na kijiko cha mchele mkavu kilichofungwa kwenye kitambaa, na ubadilishe mchele ukianza kuwa laini.

Manyoya adui yake ni nondo na vijidudu vinavyokula ngozi. Yaoshe kwa sabuni ya unga kidogo, suuza, kausha kivulini, kisha yafungwe kwenye mfuko na kuwekwa kwenye friji la kugandisha wiki mbili kabla ya kuyachanganya na mengine. Ukikuta vumbi la kahawia chini ya mfuko, usikung'ute ukaendelea. Mfuko wote urudi kwenye barafu. Nta nayo hulainika mno wakati wa kaskazi na kuacha mabonge kwenye uzi. Ihifadhi mahali pa baridi, uitoe unapoanza.

Mkondoni

Kwenye Kiwira na mito ya aina yake, njia ya kwanza ni kutupa kuvuka mto, pembe ya nyuzi 45 kuelekea chini, na kuuacha mshipi ulionyooka umzungushe inzi hadi upande wako. Tatizo ni tumbo la mshipi, yaani sehemu yake inayojipinda juu ya maji. Mkondo wa katikati hulivuta, inzi anakimbia kuliko mdudu yeyote, na unyoya laini unalala. Inua ncha ya fito na ulirushe tumbo hilo upande maji yanakotoka mara tu inzi anapotua. Hapo inzi anapunguza mwendo na ukosi unafunguka.

Mwisho wa mzunguko, mshipi ukinyooka, inua fito polepole kiasi cha mkono mmoja. Inzi anapanda kama lava anayekwenda kutoka. Ni hapo wengi hukamata.

Usivute kwa nguvu. Mshipi umeshanyooka, samaki amejinasa mwenyewe anapogeuka. Ukishtuka, nailoni ya milimita 0.16 inakatika. Inua tu.

Njia ya pili ni ya Stewart, juu ya mkondo, mtupo mfupi, ukifuata mshipi kwa fito unaporudi kwako. Hapa inzi anaelea kwa mwendo wa maji yenyewe, hakuna kinachomvuta, kwa hiyo hata kwenye maji ya kasi unyoya wa kware unacheza. Hii ndiyo sehemu iliyonichukua muda kuielewa: kasi ya mto peke yake haiamui. Kinachoamua ni tofauti kati ya kasi ya maji na kasi ya inzi. Inzi anayeshikiliwa dhidi ya mkondo anahitaji kanga, au kuku jike. Anayeachwa aende nao anahitaji kware. Mto ule ule, saa ile ile, unyoya tofauti kwa sababu mkono umebadilisha namna ya kuvua.

Huku kwetu, bila trauti

Si lazima kusubiri safari ya Njombe. Perege wa Ziwa Kitere na Ziwa Rutamba hula zaidi mwani na takataka laini, lakini hawawaachi lava wa wadudu, hasa jioni usubi unapopanda juu. Mdomo wao ni mdogo, kwa hiyo ndoana namba 14 au 16, uzi wa kahawia au mweusi, kware mzunguko mmoja na nusu. Hakuna mkondo, kwa hiyo kanga hana kazi hapa kabisa.

Fito ya mwanzi ya mita 3 na nusu yatosha, na nailoni ya urefu huo huo iliyofungwa kwenye ncha. Gurudumu la mshipi halihitajiki. Acha inzi azame kwa kuhesabu hadi 10, kisha inua ncha kiasi cha shubiri, ushushe, inua tena. Perege hampigi inzi, anamvuta ndani polepole na kumtema. Tazama pale nailoni inapoingia majini. Ikisimama kuzama au ikisogea pembeni kidogo, inua.

Vua ukiwa ukingoni, mahali pa wazi, usiingie majini. Wenyeji wa mahali ndio wa kuulizwa kuhusu mamba kabla ya kuchagua pa kusimama, na hao hao watakuelekeza kwa ofisa uvuvi wa halmashauri kwa habari ya leseni.

Maji ya masika yakiwa na tope, uzi wa chungwa huonekana vizuri kuliko wa kahawia, na waya wa shaba uliochomolewa kwenye koili ya redio mbovu, mizunguko 4 iliyoachana juu ya mwili, humshusha inzi haraka kwenye kina ambako perege wamekimbilia. Waya huo ufungwe kabla ya kuzungusha unyoya, uvunjwe kwa kuupinda huku na huku, usikatwe kwa mkasi wako wa manyoya.

Ukifika nyumbani, wachomoe inzi kwenye kisanduku na uwaache kwenye ubao usiku mzima wakauke. Waliofungiwa wakiwa wabichi huota kutu ndani ya siku chache, na unyoya wao hukauka umepinda.